Magoti Yalikuwa Yangu, Si ya Binti Yangu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikizunguka nitaghairi. Nilifungua bahasha ya mtoto wangu. Nikafuta alichoandika. Nikaandika changu. Na si mara moja, jamani. Miaka mitatu!

Jina langu msiniulize. Jueni tu kwamba nakaa Rahaleo, hapa Mtwara, nina miaka arobaini na minane, ni fundi cherehani, na kama una mtoto anasoma hapa mjini, huenda sketi aliyovaa leo nimeishona mimi. Mume wangu anafanya kazi bandarini. Wakubwa wawili wameshatoka nyumbani, amebaki wa mwisho, msichana. Humu nitamwita Shani. Si jina lake, na nimemwomba ruhusa kabla sijashika kalamu. Kasema, "Andika, ila usijipambe." Basi sijipambi.

Shani akiwa darasa la sita alikuja nyumbani dada mmoja mpole, kabeba begi la mgongoni, akajitambulisha kwa jina la Neema. Anafanya kazi na watafiti wa chuo kimoja. Walichagua watoto wa hapa mjini na wengine wa Mikindani, wanataka kuwafuatilia watoto walewale mwaka hadi mwaka mpaka wawe watu wazima. Waone wanavyokua. Si urefu na uzito, hapana. Wanavyokua ndani: wanavyojiona, wanavyoelewana na wenzao, wanaogopa nini, wanamtegemea nani.

"Mara mbili kwa mwaka nitaleta kijitabu cha maswali," akasema Dada Neema. "Shani atakijaza mwenyewe kwa penseli, atakitia kwenye bahasha na kuifunga. Jumamosi nitaipitia. Naomba sana, mama, hakuna jibu sahihi wala jibu la kosa. Na majibu ni siri yake."

"Hilo halina shida, mwanangu," nikasema. Nikatia sahihi.

Wallahi nilimsikia! Ila kichwa changu kilikamata neno "maswali" tu, na mimi nilivyolelewa, maswali yana maksi.

Sasa, nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa mama mmoja, nimwite Mama Tatu. Mtoto wake wa kiume naye alikuwamo kwenye huo utafiti. Siku hiyo kaja kupunguza gauni, kasimama namzungushia futi kiunoni, akaniambia, "Mwanangu kaniambia mwenyewe. Wamemuuliza rafiki yake mkubwa ni nani, kaandika mama. Mpaka nikatokwa na machozi. Wako kaandika nini?"

Nikamwambia, "Kaandika hivyohivyo."

Nilikuwa sijui alichoandika. Bahasha ilikuwa juu ya kabati, imefungwa, inasubiri Jumamosi.

Mama Tatu alipotoka tu nikabandika sufuria ya maji. Nikaishikilia ile bahasha juu ya mvuke, gundi ikalegea yenyewe. Moyo unanidunda kama mwizi! Nikafungua, nikatafuta lile swali. *Rafiki yako mkubwa ni nani, yule unayemwambia jambo likikusumbua?*

Mwanangu, niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, kaandika: "Bata."

Bata! Tuna bata wanne uani, nimewanunua mwenyewe, nawalisha pumba mwenyewe. Na chini yake kaongeza kwa mwandiko mdogo: "Yule mweupe. Hakatizi."

Ndugu zanguni, niliumia. Nilitoka nikamtazama yule bata mweupe, naye akanitazama. Nikarudi ndani, nikachukua kifutio, nikafuta "Bata" na "Yule mweupe", nikaandika "Mama". Ile ya "hakatizi" nikaiacha, nikaona inanifaa. Nikafunga bahasha, Jumamosi Dada Neema akaipokea, akaniambia asante mama kwa ushirikiano.

Hapo ndipo nilipopotelea.

Kila kijitabu kilichofuata nilikipitia. Mwanzoni neno moja, halafu sentensi, halafu ukurasa. *Nyumbani mnakula pamoja?* Kaandika "Mara chache, mama anashona." Nikarekebisha: "Kila siku, na matunda." *Unaogopa nini?* Kaandika "Mama akiita jina langu lote." Nikafuta, nikaandika "Siogopi kitu, namshukuru Mungu." *Unajipenda?* Kaandika "Kidogo." Nikaandika "Sana!" na alama ya mshangao. Nikajiona mzazi bora. Namtengenezea mtoto faili lake.

Ya mwaka huu ndiyo iliyoniumbua.

Shani sasa yuko kidato cha pili, ana miaka kumi na tano. Siku hizi anakandamiza penseli kwelikweli. Nikafuta, nikafuta, karatasi ikatoboka! Ukurasa wa tatu ukawa na tundu ungeweza kupitisha kidole. Nikashikwa na jasho. Nikampigia Dada Neema.

"Mwanangu, samahani, kile kijitabu kimemwagikiwa na mchuzi wa samaki."

"Usijali, mama. Nitamletea kingine."

Akakileta wakati Shani yuko shule, nikakipokea mimi. Kile kilichotoboka nikakifukia kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Nikakaa kwenye cherehani, kipya mbele yangu, mpango wangu ni kuandika haraka majibu mazuri ya kawaida, nifunge, nirudi kwenye sare za watu.

Swali la kwanza: *Leo unajisikiaje?*

Nikasimamisha penseli. Sijui nikuelezeje. Nina miaka arobaini na minane na sijawahi kupewa karatasi inayoniuliza hivyo. Nimeulizwa namba ya kitambulisho, nimeulizwa idadi ya watoto, nimeulizwa sketi itakuwa tayari lini. Hilo, hapana.

Nikaandika: "Nimechoka."

Halafu mkono ukaendelea wenyewe.

*Kuna mabadiliko ya mwili yanayokutia wasiwasi?* "Ndiyo. Magoti, hasa asubuhi. Na joto linanipanda ghafla kuanzia kifuani mpaka usoni, nasikia kama nimekaa jikoni." *Nini kinakusumbua usingizi?* Nikaandika "kukoroma kwa Baba Shani," nikashtuka, nikafuta haraka, nikaandika "kukoroma kwa baba." *Wenzako wamewahi kukutenga?* "Ndiyo. Walivaa sare siku ya sherehe, mimi hawakuniambia." Hiyo ilikuwa harusi ya binti wa Mama Tatu, na zile sare nilizishona mimi! *Mahali gani moyo wako unatulia?* "Kitaya, shambani kwa mama, msimu wa mpunga." *Miaka kumi ijayo unatamani uwe unafanya nini?*

"Nimepumzika."

Nilijaza kurasa zote kumi na mbili. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikaimba, nikashona sketi mbili bila kusimama. Sikukumbuka hata kidogo kwamba juu ya kile kijitabu pana namba ya mtoto wangu.

Wiki chache baadaye Dada Neema akarudi, si siku yake. Sura imebadilika.

"Mama, siwezi kukueleza alichoandika Shani, ni siri yake. Ila kuna jambo la afya, na utaratibu wetu tukiona jambo la afya hatulinyamazii. Naomba nizungumze naye faraghani."

Hapo, msomaji, ndipo pa kusema. Ningesema, "Keti, mwanangu, nikwambie ukweli." Dakika tano tu, tungecheka, ingekwisha. Unajua nilichosema?

"Atakana," nikasema. "Ana aibu sana huyu mtoto. Ukimuuliza atakana kila kitu. Mpelekeni tu akapimwe."

Nikatia sahihi tena! Mkono wangu huu sijui ukoje na sahihi.

Wakakaa uani, mimi nimebana sikio dirishani.

"Shani, magoti yanaendeleaje?"

"Magoti gani?"

"Yako. Asubuhi yanauma?"

"Hapana. Mimi nacheza netiboli."

"Na lile joto?"

"Joto la nini? Si la Mtwara?"

Dada Neema akamshika bega kwa huruma. "Usiogope, mdogo wangu. Si aibu."

Miadi ya hospitali ikapangwa Jumamosi. Na Jumamosi ile, jamani, ndiyo siku timu ya shule ya netiboli ilikuwa inakwenda Masasi kwenye mashindano. Shani ndiye mfungaji wao. Mrefu kuliko wote, akinyoosha mkono tu mpira umo. Alikuwa ameshafua jezi, ameshaipiga pasi, ameitundika msumarini, hataki mtu aiguse.

"Mama, mwambie Dada Neema siumwi. Nitakwenda Jumatatu."

"Afya kwanza," nikamjibu. Mimi! Mwenye magoti yake!

Tukaenda hospitali. Wakamtoa damu. Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, mguu ukaruka nusura umpige kidevuni. Akamwambia aruke, akaruka. Achuchumae, akachuchumaa. Akamuuliza tangu lini joto linampanda, Shani akasema halijawahi kupanda. Daktari akaangalia karatasi ya rufaa, akamwangalia Shani, kisha akanigeukia mimi. Ndani ya kile chumba, wallahi, wakati huohuo lile joto likanipanda! Uso unawaka, jasho linachuruzika, najipepea na kadi ya hospitali.

"Mama," akasema taratibu, "na wewe unajisikiaje?"

"Salama tu."

"Umri wako?"

"Daktari, tumemleta mtoto."

Akaandika kitu. Hakusema zaidi, ila kabla hatujatoka aliniambia mlango uko wazi nikitaka kurudi peke yangu.

Jioni simu ikaingia kutoka Masasi. Timu imefungwa. Yule aliyewekwa mahali pa Shani hakutia hata goli moja. Shani aliisikiliza simu mpaka mwisho, akaitundua jezi, akaikunja ndogo kama kitambaa cha mkono, akaingia chumbani kwake.

Bado sikusema.

Jumanne nikaitwa kwenye ofisi yao. Peke yangu. Nikamkuta Dada Neema na mwanamke mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwenye mkufu. Ndiye mkuu wa utafiti, wote wanamwita Dokta. Akanikaribisha kwa adabu zote.

"Shikamoo dada," akaniamkia. Nikaitika marahaba, ingawa nilihisi amenizidi umri. Baadaye nikaelewa: alishasoma nilivyochoka.

Kile kijitabu kilikuwa mezani, kimefungwa. Akaweka mkono juu yake.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimesoma watoto wanaotaka kuwa marubani, wanaotaka kuwa wanamuziki, mmoja anataka kuwa rais halafu kinyozi. Mtoto wa miaka kumi na tano anayetamani kupumzika sijawahi kumwona."

Nikayakanda magoti chini ya meza.

Akakifungua, akainua ukurasa mmoja kuelekea dirishani, jua likaupenya. Pale nilipofuta, alama za penseli zikajitokeza wazi kama mtu kaandika upya.

"Hapa paliandikwa 'kukoroma kwa Baba Shani'," akasema. "Nikajiuliza, Shani anamwita baba yake Baba Shani?"

Dada Neema akaangalia chini. Mabega yanamtikisika. Alikuwa anajizuia kucheka, na simlaumu.

"Haya majibu ni ya kweli," Dokta akasema. "Sina shaka hata kidogo. Ila si ya mtoto. Ni ya nani?"

Nikasema, "Yangu." Na hapohapo nikaangua kilio, kilio cha kwikwi, mbele za watu na kompyuta zao. Nikamwaga yote: mvuke, bata, matunda, mchuzi wa samaki ambao haukuwahi kumwagika.

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

"Kwa hiyo miaka mitatu tulidhani tunafuatilia makuzi ya binti," akasema, "kumbe tunafuatilia ya mama."

Akaniambia majibu yote ya Shani ya nyuma itabidi wayaweke kando, hayafai tena. Miaka yake mitatu ya kukua, ile ambayo hairudi, imeandikwa na mtu mwingine. Alisema bila ukali. Ingekuwa bora angefoka.

"Kile cha kwanza, kilichotoboka, unacho?"

"Kipo kwenye kapu la vitambaa."

"Usiniletee mimi. Mpe mwenyewe. Na umwambie wewe, sisi hatutamwambia."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, njia nzima natunga maneno. Nilipofika yakanipotea yote. Nikamkuta Shani anaosha vyombo. Nikafukua kapu, nikamwekea kijitabu mkononi, nikasema, "Nimekuwa nafungua bahasha zako. Magoti ni yangu."

Akafungua kurasa, akakuta tundu, akapitisha kidole. Akaenda moja kwa moja kwenye jalada la nyuma, upande wa ndani, ambako mimi, katika kufuta na kuandika kwangu kote, sikuwahi kufika. Akanionyesha. Paliandikwa: *Kama ungependa mtu azungumze nawe, weka alama hapa.* Alama ilikuwepo. Kubwa, imekandamizwa mara tatu.

"Nilisubiri," akasema. "Kila Jumamosi nilikuwa nasubiri Dada Neema aje. Akaja kweli, akaniuliza magoti."

"Ulitaka kuzungumza nini, mwanangu?"

"Shuleni wananiita Mnara. Wa simu. Nikipita wanainua simu juu wanajifanya wanatafuta mtandao." Akakifunga kijitabu. "Uwanjani tu ndiyo siitwi Mnara. Sasa baada ya Masasi wanasema mnara una magoti mabovu."

Jamani! Jamani! Ningekufa pale pale!

Nikafungua mdomo kumwambia mwanangu urefu ni uzuri, wewe ni mrembo, waache hao wana wivu. Akainua mkono wenye povu la sabuni.

"Usinirekebishe, mama."

Nikafunga mdomo.

Siku kumi na moja hakunisemesha. Akitaka kuniambia kitu anasimama mlango wa uani, anamwambia yule bata mweupe kwa sauti. "Bata, mwambie mama ugali umeiva." "Bata, mwambie mama kuna mteja." Na mimi, mwanamke mzima mwenye cherehani mbili, nikawa najibu kupitia huyohuyo bata. "Mwambie nakuja."

Mume wangu nilimweleza usiku uleule. Nikajiandaa kwa lolote. Akasema, "Kwani mimi nakoroma?" Katika mambo yote yale, hilo ndilo lililomgusa! Siku ya tatu ndipo alipokwenda shule mwenyewe, na sare yake ya kazi ya bandarini, akaongea na mwalimu wa michezo habari ya hayo majina. Hakuniambia alichosema. Nilisikia kwa watu kwamba alisimama wima mlangoni mwa darasa, na yeye ndiye aliyempa Shani ule urefu, mpaka kichwa kikagusa kizingiti, akauliza kwa upole nani anatafuta mtandao.

Dada Neema akaja akakaa na Shani Jumamosi nzima. Mimi walinituma sokoni, na safari hii nilikwenda kweli, nikakaa hukohuko mpaka waliponipigia. Shani aliulizwa kama anataka kuendelea na utafiti au kutoka. Akasema ataendelea, ila aanze upya, na bahasha yake ikabidhiwe shuleni. Wakakubali. Mimi nikarudi kwa yule daktari wa kinyundo. Nimepewa mazoezi ya magoti, na maelezo ya lile joto, kwamba ni umri na wala siko peke yangu. Nilikuwa nadhani ni cherehani!

Uaminifu haujarudi wote. Shani akiandika kitu nikapita, anafunika kwa kiwiko. Ni haki yake. Naumia, lakini ni haki yake.

Wazazi wenzangu, hasa ninyi akina mama mnaopenda kupitia madaftari na simu za watoto mkisema mnawalinda: tazama vizuri unamlinda nani. Mimi nilikuwa nalinda jina langu kwa Mama Tatu, ambaye mwanawe, nimekuja kujua, aliandika "rafiki mkubwa ni mpira". Mtoto akiandika neno likakuchoma, usilifute. Kaa nalo. Na kama una uchovu wako, tafuta karatasi yako mwenyewe uandike jina lako juu, maana ukiuandika kwenye ya mwanao atagongwa kinyundo yeye.

Jana jioni nilikuwa kibarazani namenya mihogo. Shani akaja, akakaa, akachukua kisu kingine. Nikamuuliza, "Mzima?" Akasema, "Poa." Nikaishia hapo. Ulimi ulikuwa unaniwasha, lakini nikamenya. Tukamenya muhogo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne, bila mtu kumuuliza, akaanza kunisimulia jambo.

Alisimulia mpaka sinia likajaa. Sikukatiza hata mara moja.

Ni jambo gani? Hapana, ndugu zangu. Hilo siliandiki.